Kuitembelea Zanzibar kwa kipato kidogo: gharama zipi zinapunguzika na ipi haipaswi kuguswa

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KILA shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, Bandari ya Malindi mjini Unguja hupokea wasafiri wa aina mbili. Wa kwanza ni wageni kutoka nje ya nchi, ambao safari yao ililipiwa miezi kadhaa kabla, na hotelini tayari kuna anayewasubiri. Wa pili ni familia za Kitanzania zilizojinyima muda mrefu ili watoto nao waione Zanzibar ambayo wameisoma vitabuni. Wote hushuka kwenye boti moja na kukanyaga gati moja, lakini hesabu zao ni tofauti kabisa.

Takwimu za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar zinaonesha kuwa mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, ilhali Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773 visiwani humo. Serikali imekuwa ikieleza kuwa utalii huchangia karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar. Kutokana na uzito huo, mijadala mingi kuhusu utalii wa visiwa hivi humlenga mgeni mwenye fedha za kigeni, na mwananchi wa kawaida hubaki akijiuliza kama Zanzibar ni mahali anapoweza kufika kwa kipato chake.

Makala haya yanachambua suali hilo kwa kuangalia matangazo na kanuni za miaka ya karibuni, pamoja na hali halisi ya misimu, usafiri na huduma kisiwani Unguja. Hoja kuu ni kwamba gharama ya safari ya kisiwani haipunguzwi sana kwa kuvutana bei na wauzaji. Hujengwa na mambo matatu yanayofahamika mapema, ambayo ni kanuni za mamlaka, kalenda na umbali. Anayeyaelewa matatu hayo anaweza kusafiri kwa fedha kidogo bila kudhalilika. Asiyeyaelewa hulipa zaidi, au hupunguza gharama pasipostahili kupunguzwa.

Gharama zinazowekwa na kanuni

Tangu Oktoba 1, 2024, kila mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa kupitia Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), kwa malipo ya Dola za Marekani 44 kwa mtu mzima. Bima hiyo ilianzishwa ili mgeni anayeugua, anayepata ajali au anayepoteza mizigo asiwe mzigo kwake mwenyewe wala kwa hospitali za umma. Watanzania hawahusiki na malipo hayo.

Taarifa hiyo ni fupi, lakini ina faida kwa mwananchi wa aina mbili. Kwanza ni yule anayeambiwa na mtu wa kati kwamba lazima alipie bima kabla ya kuvuka, ambaye anapaswa kujua kuwa tozo hiyo si yake. Pili ni yule anayemwalika rafiki au ndugu mwenye uraia wa nchi nyingine, ambaye anapaswa kuiingiza gharama hiyo kwenye bajeti mapema, badala ya kuigundua mbele ya maofisa wa uhamiaji.

Kanuni ya pili inahusu sarafu. Mwezi Machi 2025 zilitangazwa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza bidhaa na huduma ndani ya nchi kutangazwa, kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyoainishwa. Kabla ya hapo, haikuwa ajabu kwa Mtanzania kutajiwa bei ya chumba kwa dola akiwa ndani ya nchi yake, kisha dola hizo zikageuzwa shilingi kwa kiwango alichokichagua muuzaji. Tofauti ndogo katika kiwango hicho, ikizidishwa kwa siku kadhaa, iliweza kumeza fedha ya chakula cha familia. Sasa mwananchi ana msingi wa kuomba bei kwa shilingi, iliyoandikwa, ikiwa imejumuisha kodi na tozo zote, kabla hajatuma malipo.

Jambo la tatu ni kitambulisho. Nauli za boti na viingilio vya hifadhi na maeneo mengi ya historia hutofautisha raia na mgeni, na tofauti hiyo si ndogo. Mtanzania haitaji pasi ya kusafiria kuingia Zanzibar, lakini asiye na Kitambulisho cha Taifa au utambulisho mwingine unaokubalika hana cha kuthibitishia haki yake ya kulipa bei ya raia. Kwa familia ya watu watano, kusahau vitambulisho nyumbani kunaweza kugharimu kuliko usiku mmoja wa malazi.

Gharama zinazowekwa na kalenda

Bei za malazi Unguja hufuata misimu ya upepo na mvua pamoja na likizo za nchi za mbali. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Disemba hadi Februari, wageni wa kimataifa huwa wengi na bei hupanda. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati, na zinazobaki wazi hushusha bei ili vyumba visilale vitupu.

Hapa ndipo lilipo tatizo la familia nyingi za Kitanzania. Likizo ndefu za shule huangukia Juni na Desemba, wakati uleule wageni kutoka Ulaya na kwingineko wanapojaa. Mzazi anayesubiri likizo hizo hujikuta akigombea chumba na mtu mwenye kipato mara nyingi zaidi ya chake. Familia ileile, ikisafiri katika likizo fupi za katikati ya muhula au mwishoni mwa juma refu nje ya msimu, hukuta chumba kilekile kwa bei nyingine na mhudumu mwenye nafasi ya kuzungumza.

Mvua za masika zina adha yake, na si haki kuificha. Bahari huchafuka, matembezi ya boti huahirishwa, na barabara za ndani ya vijiji hujaa maji. Kwa anayetaka hali ya wastani, kipindi cha tanga mbili, baada ya kusi kutulia na kabla ya kaskazi kushika, huwa na bahari tulivu na bei ambazo bado hazijafikia kilele cha mwisho wa mwaka. Vuli hunyesha katika miezi hiyo, lakini kwa kawaida si kwa uzito wa masika.

Kalenda ya sherehe nayo ina nguvu. Siku za Idi, Pasaka na mwaka mpya boti hujaa na tiketi humalizika mapema. Mwezi wa Februari, Tamasha la Sauti za Busara hujaza nyumba za wageni za Mji Mkongwe. Katika mwezi wa Ramadhani, sehemu nyingi za kula mjini hufungwa mchana, na mgeni anapaswa kuheshimu saumu ya wenyeji kwa kutokula hadharani. Jioni ya futari, hata hivyo, mitaa hujaa vyakula ambavyo miezi mingine ni nadra kuonekana pamoja. Kwa upande mwingine, sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi mwezi Julai ni ya wazi kwa watu wote, na mila ya wenyeji inasisitiza kumkaribisha na kumlisha mgeni. Sherehe kama hiyo haiuzwi kwenye kifurushi chochote cha anasa.

Ipo pia kalenda ya bahari yenyewe, ambayo wasafiri wengi kutoka bara hawaijui. Katika pwani ya mashariki, kwenye vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali sana na ufukwe, na anayetaka kuogelea hubaki akitazama mchanga na mashamba ya mwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari hukaa karibu na ufukwe muda mrefu zaidi wa siku, na ndiyo sababu mojawapo ya bei za huko kuwa juu. Familia yenye siku mbili tu kisiwani, ikiuliza saa za maji kabla ya kuchagua kijiji, haitalipia bahari isiyoiona. Wavuvi na wakulima wa mwani huzijua saa hizo kwa kichwa, na kuwauliza hakuna malipo.

Gharama zinazowekwa na umbali

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa takriban kilomita 85. Kwa anayekitazama kwenye ramani ya Tanzania huonekana kidogo, lakini bei za usafiri wa kukodi hukifanya kiwe kikubwa. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na hadi Jambiani si pungufu sana ya hapo. Anayelala mjini na kwenda pwani kila siku kwa teksi anaweza kutumia usafiri kuliko malazi.

Njia ya wenyeji ipo na inafanya kazi. Daladala namba 116 huenda Nungwi, namba 309 hupita Paje hadi Jambiani, na namba 310 huenda Makunduchi. Namba 505 huunganisha mji na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Nauli zake ni sehemu ndogo sana ya bei ya teksi. Gharama yake nyingine ni muda, kwa kuwa gari za shamba husimama kila penye abiria na mzigo, na safari za kurudi mjini hupungua jioni inapoingia. Anayezitegemea apange kuondoka asubuhi na aulize gari la mwisho linapita saa ngapi.

Katika kupanga bajeti, ni vyema kutenganisha gharama za kichwa na gharama za kundi. Nauli ya boti na viingilio hulipwa kwa kila kichwa, hivyo familia kubwa huumia hapo. Chumba na teksi hulipwa kwa kundi, hivyo msafiri wa peke yake ndiye anayeumia. Wanafunzi au wafanyakazi wanne wanaosafiri pamoja na kugawana chumba na gari hupata nafuu ambayo mtu mmoja hawezi kuipata kwa ubishi wowote wa bei.

Vilevile, kuvuka bahari hulipwa mara moja, uwe umekaa siku moja au wiki. Ndiyo maana safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ambayo wengi huiona kuwa nafuu, kwa kweli ndiyo ghali zaidi kwa kila saa ambayo mtu anaitumia kisiwani. Siku tatu katika kijiji kimoja, bila kuhamahama, mara nyingi huleta thamani kubwa kuliko siku moja ya kukimbizana na ratiba ya boti.

Kwa wanaotoka mikoa ya ndani, sehemu ya bara ya safari nayo imebadilika. Treni ya reli ya kisasa ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Nauli zilizotangazwa wakati huo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa daraja la kawaida zilikuwa Shilingi 13,000 hadi Morogoro na Shilingi 31,000 hadi Dodoma. Boti za mwendokasi kutoka Dar es Salaam hutumia takriban saa mbili hadi Unguja. Kwa mkazi wa Dodoma, safari ambayo zamani ilidai kulala njiani sasa inaweza kukamilika ndani ya siku moja endapo saa za treni na boti zitapangwa vizuri.

Mahali shilingi inapobaki

Sehemu kubwa ya yale yanayoipa Zanzibar jina lake duniani haina mlango wa kulipia. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hutembelewa kwa miguu, na vichochoro vyake, milango ya nakshi na baraza zake ni vya kila mpita njia. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, halijafunguliwa kwa wageni tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020, lakini historia yake bado inasimuliwa pale Forodhani, mbele ya lango lake. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, mzazi anaweza kumfundisha mtoto somo la historia ambalo darasa haliwezi kulitoa.

Nje ya mji, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo makao makuu ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja pekee. Hifadhi hiyo ipo kando ya barabara ya kwenda kusini, hivyo daladala za Jambiani na Makunduchi hupita langoni, na raia hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Kwa chakula, tofauti ya bei kati ya meza ya hoteli ya kitalii na sehemu wanapokula wenyeji ni kubwa kuliko tofauti ya ladha. Asubuhi kuna chapati na maharage au mkate wa ufuta, mchana wali wa nazi na mchuzi wa samaki, jioni urojo, mishikaki na pweza. Katika Bustani ya Forodhani chakula cha jioni huuzwa wazi mbele ya mnunuzi. Busara ni kuuliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, kwa kuwa hesabu inayofanywa baada ya kula haina mshindi.

Hapa ndipo mjadala wa sera unapoingia. Chini ya Sera ya Uchumi wa Buluu inayosimamiwa na Serikali ya Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi, Zanzibar imekuwa ikivutia uwekezaji wa hadhi ya juu, ikiwemo kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wa hoteli. Hoja ya mwelekeo huo inaeleweka. Ardhi ya visiwa ni finyu, maji na taka ni changamoto, na mgeni mmoja anayelipa sana huweza kuleta kodi na ajira kwa mzigo mdogo wa mazingira kuliko wageni wengi wanaolipa kidogo.

Hata hivyo, kipimo cha faida hakiishii kwenye kiasi kinacholipwa, bali pia mahali kinapoangukia. Msafiri wa kipato kidogo hulipa nauli kwa dereva wa daladala, hununua samaki aliyevuliwa asubuhi na mvuvi wa kijiji kilekile, hulala kwenye nyumba ya wageni ya mkazi, na hununua sabuni ya mwani kwa kina mama ambao ndio wengi katika kilimo hicho. Fedha hizo ni ndogo kwa kila mkono, lakini hufika kwenye mikono mingi na siku hiyohiyo. Hoteli kubwa na msafiri mdogo hawashindani. Kila mmoja anajaza sehemu ambayo mwingine haifikii.

Somo la mwaka 2020 linafaa kukumbukwa. Aprili mwaka ule, kutokana na janga la Uviko-19, Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa, na ziliruhusiwa tena Mei 18. Katika kipindi kile, biashara iliyokuwa ikimtegemea mgeni wa mbali peke yake ilibaki haina mteja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Iwapo hata sehemu ndogo yao watazoea kuvuka bahari wakati wa msimu mdogo, vyumba vinavyolala vitupu wakati wa masika vitapata wateja, na wafanyakazi wanaopewa likizo bila malipo miezi hiyo wataendelea na kazi. Maslahi ya msafiri asiye na fedha nyingi na maslahi ya kisiwa hukutana hapo.

Gharama isiyopaswa kupunguzwa

Baada ya kueleza yote yanayopunguzika, ni wajibu kulitaja lile lisiloguswa, yaani usalama wa baharini.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 200 walithibitika kufariki dunia, na mamia wengine hawakuonekana tena. Kabla ya mwaka kutimia, Julai 18, 2012, boti ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Hakuna familia ya Unguja au Pemba isiyomjua mtu aliyeguswa na misiba hiyo. Wengi wa waliopanda walikuwa watu wa kipato cha kawaida, wakienda makwao na kwenye shughuli zao.

Baada ya ajali hizo, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilinunua meli mpya ya MV Mapinduzi II, iliyowasili Desemba 2015, na usimamizi wa idadi ya abiria na orodha za majina ulikazwa. Lakini kanuni haiwezi kumlinda mtu anayeikwepa. Bado wapo wanaovuka kwa vyombo vya mizigo au majahazi kutoka bandari bubu za mwambao wa bara, kwa sababu nauli ni ndogo na hakuna anayeuliza kitambulisho. Chombo kama hicho hakina orodha ya abiria. Kikizama, hakuna anayejua nani atafutwe, na ndugu hawana pa kuanzia.

Msafiri anapaswa kununua tiketi katika ofisi au mfumo rasmi wa kampuni, kwa jina lake halisi, na kukataa kupanda chombo anachokiona kimejaa kupita kiasi. Afuatilie tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, hasa wakati wa kusi. Katika matembezi madogo ya kwenda visiwani au kwenye fungu la mchanga, ahakikishe kila mtu, akiwemo mtoto, ana jaketi okozi kabla boti haijaondoka. Iwapo fedha haitoshi kuvuka kwa usalama, safari iahirishwe hadi mwezi ujao. Kisiwa hakihami.

Yanayobaki kufanyiwa kazi

Si kila jambo limekaa sawa. Bei ya Mtanzania katika hoteli nyingi bado hutolewa kwa anayejua kuiuliza, na asiyejua hulipa ya juu. Daladala za usiku kwenda vijiji vya kitalii ni chache, jambo linalomlazimu msafiri mdogo kukodi gari. Mitandaoni, watu wasiojulikana hutangaza nyumba za kupangisha kwa picha za kuazima na kudai malipo kwenye namba binafsi za simu, kisha hupotea.

Hatua za kurekebisha hayo hazihitaji bajeti kubwa. Hoteli zikitakiwa kubandika bei ya raia mahali pa wazi, kwa shilingi, mwananchi hatahitaji mtu wa kati. Ratiba ya gari za mwisho ikitangazwa katika vituo, familia itapanga siku yake. Orodha ya nyumba za wageni zilizosajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar ikiwafikia watu kwa urahisi kupitia simu, tapeli atakosa mteja. Kwa mwenye kipato kidogo, taarifa sahihi iliyotolewa mapema ni sawa na punguzo la bei.

Kwa upande wake, mwananchi anayepanga kuvuka anashauriwa kuanza na kalenda kabla ya hoteli, kuchagua kijiji kimoja na kukaa hapo, kubeba kitambulisho cha kila mwanafamilia, kuthibitisha usajili wa malazi kabla ya kutuma fedha, na kudai risiti ya kielektroniki kwa kila malipo. Avae mavazi ya staha mjini na vijijini, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kwa kuwa yupo nyumbani kwa watu.

Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, na mtoto wa Tabora au Songea ana haki ya kuifahamu kama anavyoifahamu mgeni wa mbali. Haki hiyo haitatimizwa kwa kuifanya safari iwe rahisi kupita uwezo wa kisiwa. Itatimizwa iwapo gharama zitakuwa wazi, msimu mdogo utatumiwa na wananchi wenyewe, na kila aliyeabiri Dar es Salaam atahesabiwa kwa jina lake pale anaposhuka Malindi.